Deni Lililokwisha Kulipwa

Mtu akivunja sheria, serikali humshitaki kortini, na hakimu humpimia adhabu kwa kadiri ya kosa lake: miezi sita, mwaka mmoja, miaka mitatu. Hapana hakimu katika Kenya anayetamka, "Nimekufunga mwaka mmoja, na baada ya hapo usipate kazi mpaka ufe." Hata hivyo, hukumu hiyo isiyotamkwa ndiyo itekelezwayo kila siku, na wanaoitekeleza si mahakimu. Ni makarani wa ajira, makandarasi, wenye maduka na wakuu wa idara. Na silaha yao ni karatasi moja iitwayo Cheti cha Mwenendo Mwema.

Cheti hiki hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, baada ya alama za vidole vya mwombaji kulinganishwa na zile zilizohifadhiwa katika kumbukumbu za polisi. Jina lake, ewe msomaji, lina udanganyifu. Hakisemi neno hata moja juu ya mwenendo. Mla rushwa ambaye hajakamatwa hukipata kikiwa safi kama maziwa. Mume ampigaye mkewe gizani hukipata vile vile. Na yule aliyekamatwa mara moja alipokuwa na miaka 19, akakiri kosa, akatumikia kifungo chake mpaka siku ya mwisho, huyo hukipata kimechafuka. Basi kinachopimwa si wema. Ni bahati ya kutokamatwa.

Sisi wa Sangailu na pande za msitu wa Boni yatupasa kuyajua haya kuliko wengine. Jirani zetu Waboni, ambao wenyewe hujiita Waaweer, waliishi kwa kuwinda na kurina asali tangu zama zisizo na tarehe. Mwaka 1976 sehemu ya msitu ilifanywa hifadhi ya taifa. Mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku katika nchi nzima. Mtu alilala mwindaji akaamka mhalifu. Sisemi wanyama wasilindwe: hirola, swala adimu ambaye makao yake ni huku kwetu, akiisha hatarudi, nami ningesikitika kuwafundisha watoto jina la mnyama aliyebaki katika picha tu. Lakini mzee aliyenasa digidigi ili wanawe wale, akafungwa, ameandikwa katika daftari lile lile la mnyang'anyi wa bunduki, na mwajiri asomapo neno "amehukumiwa" aghalabu hasomi zaidi.

Wazee wetu wa Kisomali walikuwa na hesabu iliyo wazi kuliko hii. Katika mila yao, damu ya mwanamume aliyeuawa hulipwa kwa ngamia 100, na ukoo wa mkosaji huchanga. Mila hiyo ina kasoro, wala sitaificha: humtoza asiyekosa, na damu ya mwanamke huikadiria kuwa nusu, jambo ambalo sina nia ya kulitetea. Lakini ngamia wakiisha kupokewa, shauri limefungwa, na mkosaji hurudi kisimani kunywesha mifugo pamoja na wengine.

Serikali, kwa upande wake, husema kwa ndimi mbili. Magereza ya Kenya yana wito wao: Kurekebisha na Haki. Ndani ya kuta zake mfungwa hufundishwa useremala, ushonaji na uashi. Hufanya mitihani ya ufundi akapewa hati, na wengine hufanya mtihani wa kidato cha nne humo humo. Viti na meza vya ofisi za serikali hutengenezwa na mikono ya wafungwa, na bamba za nambari za magari, hata ya waheshimiwa, hupigwa katika gereza la Kamiti. Mtu huyo akitoka, serikali ile ile iliyompa hati ya kwamba ni fundi humpa hati ya pili inayomwambia tajiri asimwajiri. Huenda barua yake ya kuomba kazi ikakataliwa juu ya meza aliyoipiga randa mwenyewe.

Mtu atasema: "Je, nimkabidhi mwizi sanduku langu la fedha?" Swali hili ni la haki, wala silikwepi. Aliyewadhuru watoto asipewe darasa. Mimi ni mwalimu, na kuandikishwa kwetu hudai cheti hicho, na ni vema kidaiwe. Aliyeiba fedha za ushirika asifanywe mtunza hazina kesho yake. Lakini asiyemtaka mwizi kwenye sanduku huwa pia hamtaki kupakia simiti, na kosa la kupigana sokoni miaka 15 iliyopita humzuia mtu kuchimba mtaro. Hapo hapana tahadhari tena, pana kisasi. Tena, aliyefungiwa milango yote ya halali huuona wazi ule wa haramu, na katika nchi ya mpakani kama yetu mlango huo hauko mbali. Kuna magendo, na kuna wale wenye bunduki, ambao hawamdai kijana cheti chochote.

Tarehe 8 Aprili 1953 korti ya Kapenguria ilimhukumu Jomo Kenyatta kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Tarehe 1 Juni 1963 akawa Waziri Mkuu. Paul Ngei, aliyefungwa pamoja naye, akawa waziri. Mtasema kwamba hao walifungwa kwa siasa. Ni kweli; lakini hukumu ile ilitolewa kwa sheria ya jinai, na daftari la vidole halina ukurasa wa mashujaa. Hata Katiba ya 2010, katika kifungu cha 99, humzuia kugombea ubunge yule ambaye bado yumo katika kifungo cha miezi 6 au zaidi. Aliyekwisha kutumikia chake haguswi na sharti hilo. Kwa hiyo aliyetoka jela aweza kutunga sheria za nchi, lakini akiomba ubawabu ataulizwa cheti.

Katika mji wa Milwaukee, Marekani, mtaalamu Devah Pager alituma vijana wenye sifa sawa kuomba kazi, baadhi yao wakijisema kuwa wamewahi kufungwa. Alichapisha matokeo mwaka 2003. Katika kila maombi 100, Weupe wasio na kifungo waliitwa mara 34, wenye kifungo mara 17. Weusi wasio na kifungo waliitwa mara 14, wenye kifungo mara 5. Soma tena hesabu hiyo. Mweupe aliyetoka jela alipendelewa kuliko Mweusi ambaye hajapata kuiona.

Wanafunzi wa kaskazini mashariki hawahitaji kufafanuliwa hilo. Mkoa wetu uliwekwa chini ya hali ya hatari tangu Desemba 1963 mpaka 1991. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walihojiwa mmoja mmoja, wakapewa kadi za rangi ya waridi kuthibitisha kwamba ni raia. Na uchunguzi wa ziada kwa waombao kitambulisho katika kaunti za mpakani uliondolewa kwa tangazo la Rais mwezi wa Februari 2025 tu. Tulipigwa chapa bila kukosa, tukalia, na kilio chetu kilikuwa cha haki. Leo namwona mtu wetu, mwenye duka au mwenye lori, akimkataa kijana wa kwao kwa sababu ya kifungo cha miezi mitatu. Yeye aliyechukia kuulizwa kadi, anauliza karatasi!

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi kwa rangi, jinsia, lugha, dini, ulemavu na mengineyo. Kifungo kilichokwisha hakikutajwa. Uingereza, ambayo ndiyo iliyomvika Mwafrika wa Kenya kipande shingoni, ilitunga sheria kwake mwaka 1974 ili hukumu nyingi zihesabiwe kuwa zimekwisha baada ya muda. Afrika Kusini mtu aweza kuomba baadhi ya hukumu ndogo zifutwe baada ya miaka 10. Nasi tudai kwamba mwombaji achaguliwe kwanza kwa kazi anayoiweza, ndipo aulizwe. Tena aulizwe kosa linalohusu kazi ile tu, na kosa dogo la zamani litoke katika cheti. Kaunti ya Garissa haiwezi kubadili sheria ya taifa, lakini ni mwajiri mkubwa huku kwetu, na matangazo yake ya kazi huandikwa na watu tunaowajua. Waandikieni barua. Waulizeni mchimba kisima wa Sangailu adaiwe cheti cha polisi kwa sababu gani.