Nasaba ya Mama na Majivuno ya Ukoo

Wapo watu, mjini Arusha na katika miteremko ya Mlima Meru, wanaodai kuwa damu yao haikuchanganyika na damu ya kabila jingine. Ushahidi wao ni ukoo. Na ukoo, kwa Wameru na kwa Waarusha vilevile, huhesabiwa kwa baba. Mdai hutaja babu juu ya babu bila kusita, lakini akiulizwa mama wa bibi yake mzaa mama alitoka wapi, ulimi humnata. Nasaba ya namna hiyo ni kitabu kilichochanwa nusu ya kurasa zake.

Mapokeo yao wenyewe yanawapinga. Wameru husimulia kuwa walitoka Usambara. Waarusha, wasemao Kimaasai, walihamia mlimani kutoka Arusha Chini katika karne ya 19, wakaoa na kuteka wanawake wa Kimeru na wa Kichaga. Majina ya wanawake hao yako wapi? Ukoo haukuyatunza, mwili umetunza alama yao. Ndani ya chembe hai za binadamu mna mitokondria, nazo zina vinasaba vyake zenyewe, vyenye herufi zipatazo 16,569, ambavyo mtoto hurithi kwa mama. Mwana wa kiume huvipokea, walakini hamrithishi mtu. Basi huenda huyo ajivunaye usafi wa ukoo amebeba, tangu utosi hata unyayo, hati ya mateka asiyetajwa.

Ama wataalamu nao hawakuepukana na haraka. Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson walichunguza watu 147, wakahukumu kuwa mama wa nasaba zote za kike aliishi Afrika yapata miaka 200,000 iliyopita. Katika watu 20 waliohesabiwa kuwa Waafrika, 18 walikuwa Wamarekani weusi. Wawili tu ndio waliozaliwa Afrika kusini ya Sahara! Tafiti za baadaye, pamoja na ile ya mwaka 2007 iliyowahusu Wasandawe na Waburunge wa Tanzania, ziliunga mkono asili hiyo ya Afrika. Lakini hukumu kuwa ya kweli hakuufanyi ushahidi wa kwanza kuwa wa kutosha.

Wabaya zaidi ni wauzao kabila kwa tone la mate. Vizazi 10 nyuma kila mtu ana nafasi 1,024 za wazazi, wake kwa waume, na mitokondria humsemea mwanamke mmoja tu kati yao. Kumwita mtu Mmeru au Mchaga kwa neno la huyo mmoja ni kosa lile lile la mhesabu mababu, limevuliwa kanzu na kuvishwa kanga.