Diski Yenye Kugongagonga

Juma hili nilikusudia kuendelea na habari za ghala la mahindi. Lakini limetokea jambo nyumbani kwangu, nami naona afadhali nilieleze kwanza, kwani wengi wenu mna watoto mjini, na watoto hao siku hizi hutunza picha na hati za jamaa katika mitambo ya namna hii.

Juu ya kabati letu pana kompyuta ndogo kuukuu isiyo na kioo. Kazi yake ni kutunza tu. Wajuao huiita seva. Ndani mna diski mbili za terabaiti 2 kila moja, na lo lote liandikwalo katika ya kwanza huandikwa papo hapo katika ya pili. Humo zimo picha za ukoo mzima, hati za shamba la marehemu baba, na picha moja tu tuliyo nayo ya bibi mzaa mama. Karatasi yake ililiwa na mchwa zamani.

Jumanne usiku mke wangu akaniambia, "Baba watoto, hicho chombo chako kinagonga kama saa mbovu." Nikasikiliza. Kweli.

Diski ni sahani za alumini au za kioo zilizopakwa utando wa sumaku. Nyingi huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa chenye kusoma hupita juu yake pasipo kugusa, kwa nafasi iliyo ndogo mara maelfu kuliko unene wa unywele. Kichwa kikikosa mahali pake hurudi nyuma na kujaribu tena, na huko kurudi-rudi ndiko kunakogonga.

Kila diski ina daftari lake la afya, liitwalo SMART. Nikalifungua. Diski moja haikuwa na kosa. Ya pili ilikuwa na vipande 48 ilivyoshindwa kuvisoma, na asubuhi vilikuwa 112. Makosa ya waya yalikuwa 0; laiti yangekuwa mengi, ningebadili waya kwanza, maana bei yake ni ndogo. Mwaka 2007 wataalamu wa Google walitoa habari za diski zaidi ya 100,000 walizozichunguza. Diski ikionyesha kosa lake la kwanza la namna hii, hatari ya kufa katika siku 60 zinazofuata ni mara 39 kuliko isiyo na kosa. Lakini pia zaidi ya theluthi moja ya zilizokufa hazikuwa zimeandika kosa lo lote. Basi daftari safi lisikulaze usingizi.

Nikampigia simu mdogo wangu aliyeko mjini. Akasema, "Kaka, chomoa hiyo mbovu upesi." Nikazima, nikafungua, mkono wangu tayari u juu ya diski ya kushoto, kwa kuwa kompyuta iliiita mbovu "ya kwanza", nami nilihesabu kutoka kushoto kama mtu asomavyo. Hapo nikakumbuka kwamba kila diski ina namba yake iliyobandikwa mgongoni, na namba hiyo hiyo imo katika daftari la SMART. Nikalinganisha. Kumbe mbovu ni ya kulia! Ningalichomoa ya kushoto, ningalibaki na ile inayokufa peke yake, nikidhani nimeponya. Jasho lilinitoka, wala sioni haya kulisema.

Kwa hiyo sikuchomoa kitu. Niliwasha tena, nikanakili kwanza vitu visivyopatikana po pote pengine, picha ya bibi na hati za shamba, katika diski ya nje niliyoazima. Vingine vikafuata. Ndipo nikaweka diski mpya isiyo ndogo kuliko ile ya zamani. Kuijaza terabaiti 2 kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde ni karibu saa 5 na nusu, na muda huo wote diski nzima hufanya kazi bila kupumua. Kama zilinunuliwa siku moja, nayo imezeeka vile vile. Ndiyo sababu nakala hutangulia.

Mwenye diski moja tu, tena mbovu, asiipime-pime. Iko programu ya bure, ddrescue, inayochukua kwanza sehemu zinazosomeka na kuziacha ngumu kwa mwisho. Na wale wanaowashauri kuitia diski katika friji, msiwasikilize. Itatoka na unyevu. Wala msiifungue, vumbi la nyumba latosha kuiua.

Wengine watasema, ya nini nakala nyingine ikiwa diski zi mbili? Mwaka jana mwanangu alifuta picha za arusi ya shangazi yake. Zilifutika katika zote mbili kwa dakika ile ile. Sasa nakala ya tatu iko kwa dada yangu, ng'ambo ya mto, nami huibadilisha kila mwezi.

Diski ya zamani ingali mezani. Watoto wanaitaka sumaku iliyo ndani, nami nimewaahidi Jumamosi, baada ya kuzikwaruza sahani zake vizuri kwa msumari, kwa kuwa hati za shamba zimo.