MASTAA NA BAISKELI MPYA: KUTENGENEZA SI UMASKINI, JAMANI!

Kuna staa mmoja wa filamu hapa Dar, jina kapuni, miezi mitatu iliyopita alikuwa gumzo la mjini. Si kwa filamu mpya, si kwa ndoa wala talaka. Kwa baiskeli! Alijipiga picha mbele ya baiskeli yake ya zamani ya mashindano, ile yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo, akaandika chini yake: "Mkweche huu unaenda skrepa, umaskini nao uende zake." Kesho yake akaibuka na mpya inayong'aa, kofia na viatu vya rangi moja, miwani usoni. Mashabiki wakamwaga makopakopa. "Hongera bosi!" "Mungu ni mwema!"

Sasa hapo ndipo pa kuulizana. Huo unaoitwa mkweche ulikuwa na ubovu gani?

Fundi wake, mzee anayefanyia kazi chini ya mwembe kule Kinondoni, alikuwa ameshaikagua. Fremu ya chuma imenyooka, foku ya mbele nzima, ringi zote mbili ziko sawa. Vilivyokwisha ni cheni, friwili, tairi, nyaya na raba za breki, na gololi za gurudumu la nyuma. Vyote hivyo pamoja na ufundi, hesabu haikufika laki tatu. Ile mpya ilikula milioni nne, na watu wake wa karibu wanasema nusu yake bado ni deni.

Atatokea mtu aseme pesa ni zake. Kweli kabisa, na akitaka anunue hata kumi. Ugomvi uko kwenye neno moja tu, "umaskini". Tangu lini mtu kutengeneza kitu chake kikawa umaskini? Maana neno kama hilo likitoka kwenye mdomo wa staa, halibaki sebuleni kwake. Linashuka mtaani, na mtaani kuna watu wanaolilipia.

Mmoja wao ni kijana wa Sinza anayepeleka vyakula kwa wateja kwa baiskeli. Alikuwa na ya mtumba, ya chuma, nzito kidogo lakini ngumu kama mpingo. Cheni ikaanza kuruka. Wenzake kijiweni walikuwa wameshaokota ule msemo wa staa, kila akipita wanamzomea, "Mkweche! Mkweche!" Kijana akaona aibu. Akaipeleka kwenye mizani ya skrepa, ikauzwa kwa kilo. Akachukua mkopo wa kausha damu, akanunua mpya ya bei chee yenye rangi kali na gia kibao. Mwezi wa pili ringi ya nyuma ikapinda, gia zikawa hazishiki. Leo anapeleka vyakula kwa miguu, wateja wanapiga simu wakilalamika wali umepoa, na rejesho linadaiwa kila jioni kama kawaida. Na baiskeli ya staa? Imetundikwa ukutani sebuleni, imewashiwa taa.

Kinachouma zaidi ni kwamba cheni inayoruka si msiba. Inapimwa kwa rula ya mtoto wa shule, upande wa inchi. Anzia katikati ya pini moja, hesabu vipande 24. Cheni mpya hapo inatimiza inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, badilisha cheni peke yake. Ikizidi kwa 1/8, ujue imeshakula na meno ya friwili, badilisha vyote viwili. Kazi hiyo haihitaji mkopo wa kausha damu.

Kambi ya mastaa ina majibu yake. La kwanza: ya zamani ni nzito. Haya, tupige hesabu. Kanuni za mashindano ya kimataifa zinasema baiskeli isiwe chini ya kilo 6.8. Ya chuma ya zamani huwa kama kilo 10. Tofauti ni kilo 3 na ushee. Mtu wa kilo 85 akipanda ya zamani, jumla inakuwa kilo 95, akipanda hiyo nyepesi inakuwa 92. Kilo tatu! Hizo si zinatoka kwenye kitambi tu kwa kupunguza bia na nyama choma? Tena barabara yenyewe wanayoringia ni ya Bagamoyo, iko pwani, haina mlima wa kumtoa mtu jasho.

La pili: ya zamani haina mbio. Mwaka 1972, Mbelgiji Eddy Merckx aliendesha baiskeli ya chuma kule Mexico City, na kwa saa moja akafika kilomita 49.431. Mwaka 2000, Mwingereza Chris Boardman akaifuata rekodi hiyo chini ya kanuni zilizomlazimisha kutumia baiskeli ya umbo la zamani. Alipata kilomita 49.441. Miaka 28 imepita, kaongeza mita 10! Ni kweli pia kwamba Boardman huyohuyo, mwaka 1996, kwa baiskeli na mkao wa kisasa, alifika kilomita 56.375. Kwa hiyo teknolojia inafanya kazi, hakuna anayebisha. Ila inamfaa anayetafuta rekodi. Anayesimama kila kilomita mbili kupiga selfi anakimbilia wapi?

Lakini tusidanganyane, hata upande wa pili kuna vituko. Mwanadada mmoja wa Bongo Fleva alirithi baiskeli ya marehemu baba yake, akaapa haitupi mpaka afe. Vizuri. Fundi akaona ufa mdogo kwenye foku, pale juu karibu na usukani, akakataa kuigusa, akamwambia hapo ni kubadilisha foku nzima. Dada akakasirika. Akaenda kwa mchomelea mageti, akapiga na rangi juu. Foku ilikatika getini kwake, ikiwa kwenye mwendo wa kutembea. Alishonwa kidevu. Ingekatika kwenye lami, daladala ikiwa nyuma, leo watu wangekuwa wanaandika mengine. Baba anakumbukwa hata kwa picha, dada. Ufa ni ufa.

Kwa hiyo mwenye uamuzi ni fremu, wala si kamera. Fremu ya chuma ikiwa nzima, tengeneza. Ikipinda kidogo, fundi anayejua anaweza kuinyoosha. Ya alumini ikipasuka, usiikimbize kwa mchomelea mageti, moto unaidhoofisha. Ya kaboni ikianguka vibaya, ufa unaweza kujificha chini ya rangi, ikaguliwe na mtu anayeifahamu kabla hujaipanda tena.

Na kabla ya kutoa pesa, soma namba za ubavuni mwa tairi. Duka moja litakuambia "28", na jingine "28", kumbe ni vitu viwili. Tairi ya ile baiskeli kubwa ya mizigo ni milimita 635, ya mashindano ya siku hizi ni 622, na nyingi za mashindano za zamani, zilizoitwa inchi 27, ni 630. Haziingiliani hata ukisukuma na kijiko. Ukikosa ya 630, utabadilisha magurudumu yote, na breki nazo ziwe zinafika kwenye ringi mpya. Gharama hiyo iingize kwenye hesabu mapema. Jumla ikikaribia bei ya nyingine iliyo nzima, basi nunua nyingine, hakuna aibu.

Ule mkweche wa staa, kwa taarifa, haukuyeyushwa. Mzee wa Kinondoni aliufuata skrepa, akaulipia kwa kilo, akaweka cheni, friwili, tairi na gololi, akamuuzia mwalimu mmoja. Mwalimu anaupanda kila asubuhi kwenda shule na kurudi. Staa naye juzi kaifuta ile picha kimyakimya. Kufuta tu hakutoshi. Vijana walimsikia akisema umaskini, basi na wamsikie akisema alikosea, na ikiwezekana deni la yule wa Sinza alitazame.

Wadau mnasemaje? Yako iko ukutani, iko kwa fundi, au imeshapanda mizani? Dondosha maoni yako hapo chini, matusi hapana.