Neno la Mhariri: Dawa Isisubiri Picha

Familia ya Bisil ikiambiwa mgonjwa wao wa kifafa akapigwe picha ya ubongo, hesabu huanza hapo hapo: ng'ombe yupi auzwe sokoni, nani abaki na mifugo, nani amsindikize mgonjwa kwa barabara ya Namanga hadi Kajiado mjini, na pengine hadi Nairobi. Gharama hiyo ni nzito, basi ni lazima anayeiagiza picha ajue anaitafutia nini. Toleo hili linauliza picha ya ubongo inamfaa nani, na wakati gani. Msimamo wetu ni huu: dawa isisubiri picha, na anayeihitaji picha asinyimwe.

Kifafa hutambuliwa kwanza kwa masimulizi ya aliyeshuhudia. Mgonjwa alianzaje? Kichwa kiligeukia upande gani, na mkono upi ulitangulia kutetemeka? Aliuma ulimi? Alipozinduka aliwatambua watu? Mtu akipatwa na mishtuko miwili iliyopishana kwa zaidi ya saa 24, bila sababu ya papo hapo kama vile sukari kushuka au homa kali, hicho ni kifafa hata kama hajawahi kuiona mashine. Mchungaji aliyemwona mwenzake akianguka malishoni ana habari ambayo skani haiwezi kuitoa, na akiwa amerekodi video kwa simu yake, amemsaidia daktari sana.

Tiba nayo iko karibu kuliko Nairobi. Fenobabitali imetumika tangu mwaka 1912 na ni miongoni mwa dawa za bei nafuu zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila mishtuko wakitambuliwa mapema na kutibiwa ipasavyo. Kumrudisha mgonjwa nyumbani bila kidonge kwa sababu hajaleta picha ni kumwacha aendelee kuanguka motoni na majini.

Kazi ya picha ni kutafuta chanzo. CT skani huchukua dakika chache, nayo huonyesha damu iliyovuja, uvimbe, kovu la jeraha na madoa ya chokaa yanayoachwa na vimelea. MRI haitumii mionzi, na huona mambo madogo zaidi, kama kovu la ndani ya ubongo au kasoro ya tangu tumboni mwa mama. Hata hivyo, wako wagonjwa wengi wa kifafa ambao picha zao ni safi kabisa. Picha safi haimfutii mtu ugonjwa, wala si ruhusa ya kuacha dawa.

Faida yake tunaiona ng'ambo ya mpaka. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, watafiti waliwapiga CT skani watu 212 wenye kifafa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba 38 kati yao walikuwa na alama za viluwiluwi vya tegu wa nguruwe ubongoni. Kati ya watu 198 wasio na kifafa, alama hizo zilionekana kwa nadra sana. Hapo picha zilifichua ugonjwa unaozuilika kwa vyoo, mikono safi, nyama iliyoiva na nguruwe wanaofungiwa. Kajiado isidhani haihusiki kwa kuwa boma nyingi hazifugi nguruwe: mayai ya tegu hutoka kwa mtu aliye naye tumboni, na chakula alichokishika kwa mikono michafu hufika kwa asiyekula nguruwe kamwe.

Basi nani apelekwe kupigwa picha? Mtu mzima anayeanza kuanguka ukubwani. Anayeanza kutetemeka upande mmoja. Aliyepooza mkono au mguu. Aliyewahi kuumia kichwa. Anayeishi na virusi vya UKIMWI. Na yule ambaye dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kumezwa ipasavyo zimeshindwa kumtuliza. Mwenye homa na shingo ngumu, au aliyetoka kuanguka na bodaboda akaanza mishtuko, ni wa dharura na hangoji foleni. Lakini mtoto aliyepata degedege fupi ya homa, kisha akaamka na kucheza, kwa kawaida haihitaji.

Kwa hiyo tunaiomba Serikali ya Kaunti ya Kajiado iweke mwongozo mmoja kwa zahanati na vituo vyote, kutoka Kitengela hadi Namanga, unaosema nani apigwe picha na jibu lirudi kwa nani. Tunaiomba pia Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya mfuko wa bima wa NHIF mwaka 2024, ihakikishe kwamba mwenye barua ya rufaa halipi kutoka mfukoni.

Nawe mhudumu wa afya unayesoma kurasa hizi: ukimtambua leo mwenye kifafa, mwanzishie dawa leo. Kisha pima kama yumo miongoni mwa wanaohitaji picha. Akiwemo, mwandikie rufaa yenye sababu, na umfuatilie hadi jibu limfikie.