Mtoto ana kipaji, mzazi ana kazi gani?

Mtoto akionyesha kipaji mapema, nyumba nzima hufurahi. Majirani nao hukoleza: "Huyu ndiye atakayewatoa." Kabla hujaanza kupiga hesabu, hebu tuitazame safari ya binti mmoja wa Uingereza, Beth Shriever.

Beth alizaliwa mwaka 1999. Alianza mbio za BMX akiwa mtoto wa shule ya msingi, katika klabu ya Braintree huko Essex. BMX ni zile baiskeli ndogo zenye matairi ya inchi 20. Waendeshaji wanane hutoka langoni kwa pamoja, huteremka kwa kasi, huruka matuta na kukata kona, na kwa kawaida kila kitu huisha ndani ya dakika moja. Ukiteleza, huna muda wa kufidia.

Mwaka 2017 akawa bingwa wa dunia wa vijana. Ungedhani hapo njia imenyooka. Sivyo. Baada ya Olimpiki ya Rio 2016, UK Sport, chombo kinachogawa fedha za michezo nchini humo, kiliamua kufadhili wanaume peke yao katika mbio za BMX. Bingwa akawa anafanya kazi ya muda kama mwalimu msaidizi wa watoto wadogo, huku wazazi wake wakimsaidia. Ilifika mahali akaomba watu wamchangie mtandaoni ili aweze kusafiri kwenye mashindano ya kufuzu Olimpiki.

Tarehe 30 Julai 2021, jijini Tokyo, alishinda dhahabu. Alimtangulia Mariana Pajón wa Kolombia, aliyekuwa bingwa wa London 2012 na Rio 2016, kwa sekunde 0.09 tu. Miguu ilimwishia nguvu hapo hapo, mwenzake Kye Whyte akambeba. Mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia, na mwaka 2023 akarudia tena.

Kisha ikaja Paris 2024. Alishinda kila mbio hadi kufika fainali. Katika fainali yenyewe akamaliza wa nane kati ya wanane.

Wazazi wenzangu, hapo ndipo pa kutafakari. Ni Beth yule yule. Kama thamani ya mtoto tunaipima kwa medali, basi siku ile alikuwa hana thamani. Nani kati yetu angethubutu kusema hivyo?

Lakini tunasema, ila kwa njia nyingine. Mtoto ametoka uwanjani ameshindwa, nasi tunanuna njia nzima. Au tunamkumbusha: "Unajua viatu hivyo nimenunua shilingi ngapi?" Mtoto anaelewa kwamba mapenzi ya nyumbani yana bei, na bei yenyewe ni ushindi. Wengi huacha mchezo kwa sababu hiyo, si kwa kukosa uwezo.

Tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini ukimkunja kwa pupa atavunjika.

Kwa hiyo, kama una mtoto mwenye kipaji, fanya haya. Kwanza, mnunulie kofia ngumu kabla ya baiskeli nzuri. Usalama ni wajibu wako, si wake. Pili, kaeni kama familia mwone mnaweza kutoa nini bila kuwanyima ndugu zake, kisha mkitoe bila kumsimanga. Tatu, asiache masomo. Ufadhili unaweza kukatika hata kwa bingwa. Nne, baada ya mashindano, swali la kwanza lisiwe "Umekuwa wa ngapi?" Mpe maji, mwulize kama ameumia, mwulize kama amefurahia.

Makocha wapo wa kumsahihisha. Wa kumpokea akiwa wa nane ni wewe.

Tukutane wiki ijayo.