Jina Moja, Watu Wengi



Siku ya kwanza ya mwaka wa shule mwalimu hufungua daftari la majina, akaita. Tulikuwa tukifundisha katika shule moja ya milimani, upande ule ambapo nchi ya Masisi huanza kuteremka kuelekea misitu ya Walikale. Tuliita, "Bahati!" Wakasimama wavulana wawili wa darasa la sita, wakaitika kwa sauti moja. Darasa zima likacheka, nasi tukacheka pamoja nao. Mwisho wa mwaka hatukucheka tena.

Mmoja alikuwa mtoto wa mjane aliyeuza maharagwe sokoni. Wa pili alikuwa mtoto wa fundi seremala. Ulipofika wakati wa kuandika orodha ya watahiniwa, tuliandika "Bahati" mara mbili, bila jina la baba wala la ukoo, kwa kuwa sisi tuliwajua kwa sura. Lakini karatasi haina macho, na yule aliyeipokea mbali na kwetu hakupata kuwaona watoto wale. Matokeo yalipotangazwa, Bahati mmoja alikuwa amefaulu na Bahati mmoja ameshindwa. Mtoto wa seremala alifika kwanza, akapewa habari njema. Mtoto wa mjane akashika jembe.

Baada ya miezi kadhaa karatasi za mtihani zilirudishwa shuleni, tukautambua mwandiko. Aliyefaulu alikuwa yule wa jembe. Mtoto wa seremala hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa letu. Tulikwenda kwa yule mama kuomba radhi. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, wewe una Bahati wengi katika daftari lako. Mimi nilizaa mmoja tu."

Tangu siku ile tumelifikiri sana jambo la majina, na leo twataka kulizungumza nanyi.

Kosa la daftari la shule halikuanzia kwetu. Mwenyeheri Anuarite, shahidi wa nchi yetu, alizaliwa Wamba mwaka 1939, na jina lake la nyumbani lilikuwa Nengapeta. Alipopelekwa shuleni aliandikishwa kwa jina la dada yake, nalo ndilo Anuarite. Jina hilo la dada likamshika maisha yake yote. Aliuawa huko Isiro tarehe 1 Desemba 1964, na tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mwenyeheri katika mji wa Kinshasa. Leo mabinti wengi huitwa Anuarite kwa heshima yake. Ni wangapi wao wajuao kwamba jina lile lilikuwa kwanza la dada yake? Wale waliokiandika kisa chake wasingalitueleza, tusingalijua.

Na hiyo ndiyo kazi ya kitabu: kumtenga mtu na jina lake, hata tumwone yeye mwenyewe.

Twende sasa Walikale, kwa Wanyanga. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck, mtaalamu wa Ubelgiji, alimsikiliza mzee mmoja mwimbaji, Shekarisi Candi Rureke, akisimulia utenzi wa Mwindo kwa kuimba na kucheza. Kazi hiyo ilichukua siku 12. Biebuyck na Kahombo Mateene waliyahariri na kuyatafsiri maneno ya mzee, na mwaka 1969 kitabu kikachapwa na Chuo Kikuu cha California, Kinyanga pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Hivyo maneno yaliyosemwa kijijini kando ya moto yakapata kukaa katika maktaba za ulimwengu.

Habari yake kwa ufupi ni hii. Katika kijiji cha Tubondo alikuwako mtawala mwenye wake saba, aliyeamuru wazae mabinti tu. Sita wakazaa mabinti. Wa saba akazaa mwana wa kiume, naye akaitwa Mwindo, kwa kuwa ndiye mvulana wa kwanza aliyefuata mabinti watupu. Baba yake akataka kumwua: akamzika, naye akatoka kaburini, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, lakini yule mtoto akafuata maji mpaka kwa shangazi yake Iyangura. Baadaye Mwindo alimfuata baba yake hata kuzimu. Hakumfuata ili amwangamize, bali alimrudisha nyumbani, wakapatana. Hata hivyo Mwindo naye alikuwa na kilema chake, nacho ni majivuno. Alipomwua joka Kirimu, rafiki wa Radi, Radi alimchukua juu mbinguni, akakaa huko mwaka mzima akipigwa na baridi, mvua na jua kali. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Akawaagiza watu wake walime vyakula vya kila namna, wakae katika nyumba nzuri, wasigombane, wala wasimcheke kilema apitaye kijijini.

Angalieni sasa mambo mawili. La kwanza, baba huyo aliitwa Shemwindo, yaani Baba Mwindo, na mama aliitwa Nyamwindo, yaani Mama Mwindo. Ndivyo tufanyavyo nasi hata leo: mzazi huchukua jina la mtoto wake. Yule mjane wetu sokoni hakuna aliyemwita kwa jina jingine ila Mama Bahati. Kumbe tulipolichanganya jina la mtoto tulilichanganya na la mama yake.

La pili, Mwindo si mmoja. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa kitabu kingine chenye tenzi tatu zaidi za Wanyanga, na shujaa wake ni Mwindo tena. Jina ni lile lile, lakini kila msimulizi ana Mwindo wake, mwenye safari zake na majaribu yake. Mtu mwenye haraka angaliwachanganya wote wanne kuwa Mwindo mmoja, kama mpishi achanganyaye masalio ya jana katika chungu kimoja. Mwandishi hakufanya hivyo. Kila utenzi ameupa mahali pake katika kitabu, na kila Mwindo amebaki na maisha yake. Tena tazameni: katika utenzi wa Rureke, Mwindo huzaliwa akiwa na kifuko cha Kahombo, roho aletaye heri, na mmoja wa walioutafsiri utenzi ule aliitwa Kahombo. Jina moja limo ndani ya hadithi, na pia liko juu ya jalada.

Sisi Wakristu tungalipaswa kulijua jambo hili zamani. Miongoni mwa Mitume 12 walikuwako Yakobo wawili, Simoni wawili na Yuda wawili. Mmoja wa hao Yuda alimsaliti Bwana. Mwingine, Yuda Tadei, ni mtakatifu ambaye wenye shida humwomba. Katika Injili ya Yohane, sura ya 14, Yuda huyu anapomwuliza Yesu swali, Mwinjili hakumwacha bila alama: aliongeza palepale kwamba si yule Iskariote. Ni maneno machache tu, lakini yamelinda sifa ya mtu asiye na hatia kwa karne nyingi. Nao akina Maria je? Mmoja ametambulishwa kwa mji wake, Magdala. Mwingine kwa mumewe, Klopa. Mwingine kwa wanawe. Ndivyo mabibi zetu wafanyavyo wanaposema, "Kahindo yupi? Wa mlima ule, au wa kwa mhunzi?"

Katika Mashahidi 22 wa Uganda, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, wamo watatu wenye jina la Mukasa. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa tarehe 15 Novemba 1885, wa kwanza kati ya Wakatoliki. Adolfu Mukasa Ludigo alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Siku hiyo hiyo, mahali hapo hapo, alichomwa Mukasa Kiriwawanvu, mkatekumeni asiyekuwa bado amebatizwa kwa maji, na ndiyo sababu twamjua kwa majina yake ya Kiganda tu. Na Mukasa ni jina gani? Waganda wa kale walimwita hivyo mungu wao wa ziwa. Basi jina la mungu wa ziwa limekuwa jina la watakatifu watatu. Jina halikumfanya mtu awe mtakatifu; watu ndio waliolitakasa jina.

Wenzetu wa pwani humwita mwenye jina kama lako "somo"; huku kwetu wengi husema "ndoyi". Twalipenda neno la pwani, kwa kuwa somo ni pia fundisho. Mtoto aliyepewa jina la babu amepewa fundisho. Lakini atajifunza nini, ikiwa hakuna amwambiaye babu yule alikuwa nani?

Hapa ndipo penye hatari kwetu. Majina yetu ni machache na watu ni wengi. Kwa jirani zetu Wanande, Kambale ni mwana wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Hesabu mwenyewe ni akina Kambale wangapi wawezao kukaa katika soko moja. Tena mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliyaondoa majina ya ubatizo katika hati za raia, nayo yakarudi baada ya milango ya siasa kufunguliwa mwaka 1990. Kwa hiyo mzee mmoja aweza kuwa Petro katika daftari la parokia, na katika kitambulisho chake cha zamani Petro asiwepo. Mjukuu aonaye hati hizo mbili aweza kudhani ni watu wawili. Au, lililo baya zaidi, huona watu wawili akadhani ni mmoja, akampa mwema aibu ya mwovu.

Kisha vita. Januari 2025 mapigano yaliukumba mji wa Masisi, na Machi mwaka huo huo yakafika Walikale. Familia ngapi za kwetu zimekwisha kukimbia, si mara moja wala mara mbili! Akimbiaye usiku huchukua mtoto, sufuria na blanketi. Hachukui kabati la karatasi. Mtoto akipotea njiani, akaulizwa jina lake na kujibu "Bahati", amesema kweli, lakini hajasaidika. Akiweza kusema, "Mimi ni Bahati, baba yangu ni fulani, mama yangu ni fulani, mlima wetu ni fulani, nilipewa jina la babu aliyekuwa mhunzi," mtoto huyo ana nyumba kinywani mwake hata kama nyumba ya miti imechomwa.

Basi twawaomba jambo moja. Nunueni daftari dogo, la kurasa 48 latosha. Kila ukurasa uwe wa mtu mmoja wa ukoo wenu, aliye hai au aliyekufa, na wenye jina moja wafuatane. Andikeni majina yake yote, ya jadi na ya ubatizo, wazazi wake, mlima aliozaliwa, sababu ya kuitwa hivyo, kazi ya mikono yake, tendo jema moja ambalo watu hulikumbuka. Na kama lipo kosa ambalo alilitubu, liandikeni nalo kwa upole, kwa maana Mwindo bila majivuno yake asingalitufundisha kitu. Waulizeni mabibi na mababu wakingali nasi. Watoto wa shule waandike, wazee waseme, na shangazi wasahihishe, maana wao hukumbuka kuliko wote. Zaidi ya hayo, kila mtoto ajifunze ukurasa wake kwa moyo, kama ajifunzavyo sala za asubuhi.

Nanyi waalimu wenzetu, msiandike kamwe jina moja peke yake katika orodha, hata kama mnamjua mtoto kama mjuavyo kiganja chenu.

Bahati wa mjane alirudi shuleni mwaka uliofuata, akafaulu mara ya pili. Mwaka aliopoteza hatukuweza kumrudishia. Lakini kabla ya orodha mpya kupelekwa tulimwita mama yake, tukamwonyesha mstari wa mwanawe: jina, jina la ukoo, jina la ubatizo, jina la marehemu baba, jina la mama, mlima. Aliufuata kwa kidole polepole, neno kwa neno, mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ndiye."