Chakula cha Bei Nafuu Mjini Brussels

Wasafiri wengi wa nchi zetu za Maziwa Makuu wakifika Ulaya hushukia kwanza Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Huyu amekwenda kwa mafunzo ya miezi mitatu, yule amemsindikiza mgonjwa, mwingine ni mama aliyeitwa na bintiye aliyejifungua. Kila mmoja ana fedha zilizohesabiwa, na mara nyingi sehemu ya fedha hizo tayari ina mwenyewe nyumbani: karo, kodi ya nyumba, dawa za mzee. Ndipo mgeni aanzapo kujinyima. Asubuhi chai na biskuti, mchana hana kitu, jioni mkate mkavu chumbani. Mwili hauwezi kustahimili hivyo katika baridi ya kule, na kwa kweli hapana haja. Chakula cha kushibisha kwa fedha kidogo kipo Brussels, ila hakipo mahali mgeni anapopelekwa.

Mgeni hupelekwa Grand-Place, uwanja wa kale wenye nyumba zilizopambwa kwa dhahabu. Na aende, kwani kutazama ni bure. Lakini hatua chache kutoka hapo kuna njia nyembamba iitwayo Rue des Bouchers, ambako meza zimepangwa hadi njiani, kamba na samaki wamelazwa juu ya barafu, na vijana husimama mlangoni wakiwaita wapita njia kwa lugha mbalimbali. Wewe itikia salamu upite. Mkahawa mzuri hauhitaji kumshika mtu mkono. Orodha ya vyakula na bei hubandikwa nje. Isome yote, hata maandishi madogo, kabla ya kuvuta kiti.

Kuliko mtaa, jambo kubwa zaidi ni saa. Kuanzia saa sita mchana hadi kama saa nane, mikahawa mingi ya kawaida hupika chakula kimoja cha siku hiyo, kiitwacho “plat du jour”, kwa ajili ya wafanyakazi wa ofisi na wa maduka. Chakula hicho huuzwa kwa bei ndogo kuliko vyakula vya jioni vya mkahawa uo huo. Basi anayetaka kula mezani mara moja kwa siku na ale mchana; jioni supu na mkate vyatosha. Utakuta “stoemp”, yaani viazi vilivyopondwa pamoja na karoti au kabichi, chakula cha wenyeji hasa, ambacho mtu aliyezoea viazi na maharage hatakiona kigeni. Utakuta pia “boulettes”, madonge ya nyama ya kusaga katika mchuzi. Asiyekula nguruwe aulize, maana nyama hiyo mara nyingi huchanganywa. Na asiyetumia pombe ajue kwamba “carbonnades” ni nyama ya ng’ombe iliyopikwa kwa bia. Neno moja zaidi la kukumbuka ni “américain”. Wengi hudhani ni chakula cha Kimarekani. Sivyo: ni nyama mbichi ya kusaga, hupakwa katika mkate au huletwa sahanini hivyo hivyo, bila kupitia motoni.

Fedha nyingi hupotea katika vinywaji kuliko katika chakula. Mhudumu akiuliza utakunywa nini, ukajibu “maji”, ataleta chupa ya kulipiwa, na chupa ile yaweza kukaribia nusu ya bei ya chakula. Maji ya bomba ya Brussels ni salama. Jaza chupa yako nyumbani utembee nayo. Malipo ya huduma yamo ndani ya bei iliyoandikwa, kwa hiyo usione haya kuondoka bila kuacha bakshishi.

Kuna pia viazi vya kukaanga, ambavyo Wabelgiji huvifanyia heshima kama sisi tunavyoifanyia ugali. Hukaangwa mara mbili na kuuzwa vibandani katika karatasi iliyokunjwa kama pembe. Kibanda cha Maison Antoine, katika uwanja wa Jourdan, kipo tangu mwaka 1948. Baadhi ya baa zilizo jirani huruhusu mteja kuingia na viazi vyake, alimradi anunue kinywaji. Mchuzi hulipiwa peke yake. Wengi hukaanga kwa mafuta ya ng’ombe, jambo ambalo Mwislamu au asiyekula nyama atapenda kulijua mapema. Kwa Mwislamu njia rahisi ni kwenda barabara ya Haecht, upande wa Schaerbeek, kwa Waturuki. Hapo hupata mkate mwembamba wenye nyama ya kusaga, wa moto kutoka tanurini.

Najua msomaji anangoja kusikia habari za Matonge. Mtaa huo, karibu na kituo cha metro cha Porte de Namur, umechukua jina la Matonge ya Kinshasa, na tangu mwaka 2018 pembeni yake pana uwanja wenye jina la Patrice Lumumba. Sombe ipo, ndizi za kukaanga zipo, samaki wa chumvi na mkate wa muhogo uliofungwa majanini vipo. Lakini mtu asidhani kwamba chakula cha nyumbani ndicho cha bei ya chini. Majani yale yamesafiri kwa ndege au katika barafu, na nauli yao wailipa wewe. Nenda Matonge siku moyo unapokuwa mzito, siku umekaa wiki mbili bila kusikia lugha yako. Siku hiyo gharama ina maana yake. Uliza kama sahani moja yawatosha wawili.

Mwenye jiko, hata la kuazima, na aende sokoni. Soko la machinjio ya Anderlecht, lenye mafahali wawili wa shaba langoni, huwapo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Jumapili asubuhi kuna jingine kuzunguka stesheni ya Midi. Hapo Wamoroko huuza chapati zilizokunjwa pamoja na jibini na asali, na chai ya nanaa. Hicho ni kifungua kinywa cha kukufikisha jioni. Kuku wa kuokwa mmoja, akiliwa kwa wali uliopikwa nyumbani, hulisha watu watatu, na mifupa hufaa supu ya kesho. Karibu na saa saba mchana wachuuzi huanza kufunga, na nyanya, pilipili na maembe yaliyoiva sana hupigiwa kelele kwa bei ya kutupa, kasha zima kwa mara moja. Fika wakati huo na kikapu imara, pamoja na jirani wa kugawana naye kasha.